Gauni Kwenye Kamba ya Santa Oliva

Jumanne ile ilianza kama Jumanne zote za Mulongwe, mtaa wetu wa Uvira kando ya mto wa jina hilohilo. Asubuhi manyunyu yalipita, jua likatoka, wanawake wakaanika ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, na ilipokaribia saa tisa alasiri kila mwenye nafasi akaanza kujisogeza kwenye ukumbi wa video wa Djamali kwenda kuangalia Santa Oliva.

Santa Oliva, kwa asiyejua, ni mtaa ambao haupo. Ni mtaa wa tamthilia, umetungwa na watu wa ng'ambo huko, na tamthilia yenyewe imeendelea kwa zaidi ya miaka ishirini, hata walioianza wakiwa wasichana sasa wanaingia ukumbini na wajukuu. Una uwanja wenye chemchemi ya mawe katikati, duka la mikate upande mmoja, ngazi ndefu upande wa pili, na kichochoro ambamo kamba ya nguo imefungwa kutoka dirisha hadi dirisha. Mwishoni mwa kichochoro kuna mlango wa kijani. Sisi wa Mulongwe tunaujua mtaa huo kuliko tunavyoijua mitaa yetu, maana yetu mto huibadilisha kila unapokasirika. Santa Oliva hakuna mto. Mtu anajenga nyumba pale, anazeeka, na nyumba anaikuta palepale.

Wanaozungumza katika tamthilia hiyo wanazungumza lugha ambayo hakuna aliyeijua Uvira nzima. Kazi ya kuileta kwetu ilikuwa ya Mwavita binti Rajabu, mfasiri, ambaye naye hakuijua, alitunga tu kwa kutazama nyuso. Djamali alikuwa akizima sauti ya filamu, Mwavita anashika maikrofoni, anaketi kwenye kiti kando ya televisheni, na kila mtu wa Santa Oliva anaanza kusema Kiswahili cha Mulongwe. Muoka mikate alimpa jina la Bonaventure. Mchawi wa ndoa za watu, yule mama wa ghorofani mwenye miwani, akamwita Mama Anne-Marie, na Mama Anne-Marie halisi, jirani yetu, alinuna wiki mbili kisha akaanza kuja kila siku kuona alichofanya. Spika ya pili Djamali aliitundika nje, juu ya mlango, ikielekea mtoni, ili walio ng'ambo ya daraja wasikie na waje.

Mwavita alikuwa na ulimi. Watu walikuwa wakicheka hadi wanashika mbavu. Ila kulikuwa na mtu mmoja katika tamthilia ile ambaye Mwavita hakumtania kamwe, na ambaye hata hakuwa na la kusema.

Alikuwa mpita njia. Unawajua wale watu wa filamu ambao kazi yao ni kupita tu nyuma ya wenye maneno. Mwanamke mwembamba mwenye blauzi ya manjano, amebeba kikapu cha nguo, bega la kushoto limelala kidogo. Anatokea kwenye ngazi, anakatiza uwanja, anapita chini ya kamba, anaingia mlango wa kijani. Uso wake haukuonekana vizuri, kwa sababu kamera ilikuwa na shughuli na wengine. Siku ya kwanza kumwona, Mwavita aliinuka nusu kitini. Bega lile lilikuwa la mdogo wake Fadhila, aliyekuwa fundi cherehani, na ambaye alikuwa akiibeba mashine yake upande huohuo wa kushoto.

Fadhila alichukuliwa na mto Mulongwe katika mafuriko makubwa, mchana kweupe. Alimpitisha binti yake, Ninahazwe, mtoto wa miaka mitatu, juu ya ukuta hadi mikononi mwa Mwavita. Kisha akarudi ndani ya nyumba kuchukua mashine. Nyumba ikaondoka naye. Maiti nyingi ziliokotwa ufukweni mwa ziwa siku zile, lakini yake haikupatikana.

Kwao Mwavita, watu wa zamani wa biashara ya ziwani, aliyepotea majini husaliwa msikitini hata bila mwili, kisha siku ya arobaini huondolewa matanga. Ndugu wa karibu husimama mbele ya watu, hutaja jina lake na la baba yake, husema wazi kwamba amekufa na amekufa vipi, na watu huitikia. Hapo ndipo inakuwa imekwisha. Na mpaka hapo, kuna katazo moja ambalo Mwavita alilijua tangu hajaota meno ya pili. Jina la aliyechukuliwa na maji haliitwi kwa sauti kuelekea majini. Maji husikia, na kinachoitika si lazima kiwe yule uliyemwita.

Siku ya arobaini ilipofika, Mwavita alikataa kusimama. Alisema mdogo wake hajaonekana na hajafa. Watu wakamwonea huruma, wakaondoka na sahani zao. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuweza kulisema mbele ya watu, na hilo aliliweka moyoni mwake kama kaa la moto.

Basi miaka ikapita, mtoto akakua kwa Mwavita, maana baba yake alikuwa akilima mbali bondeni, huko Lubarika, akakua bila kuukumbuka uso wa mama yake. Alikuwa akiuliza. Mama alikuwa mrefu? Alikuwa anatembeaje? Ndipo alasiri moja, yule wa blauzi ya manjano alipopita, Mwavita akasema kwenye maikrofoni, "Na ule pale ni Fadhila yetu, iko anapita. Fadhila, habari ya leo?" Ninahazwe, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka mbele kabisa, akageuka akamtazama mama yake mkubwa kwa furaha ambayo huwezi kumnyang'anya mtoto. Kuanzia siku hiyo, kila yule mwanamke alipopita, Mwavita alimwita. Alimwita kwa upendo, kwa sauti yake mwenyewe, kwenye spika inayoelekea mtoni, karibu miaka miwili.

Jumanne ile akamwita tena. "Fadhila, kazi inaendelea?"

Yule mwanamke akasimama.

Hakuwa amewahi kusimama. Mbele yake Bonaventure muoka mikate alikuwa akigombana na mkwewe, mikono juu, na nyuma yao, karibu na mlango wa kijani, mwanamke wa blauzi ya manjano alikuwa ametulia kikapu mkononi. Akageuka. Uso wake ulikuwa na ukungu kama kawaida, lakini ulielekea ukumbini, ulielekea mkeka. Ninahazwe akainua mkono na kumpungia.

Yule mwanamke naye akainua wake.

Mwavita akashusha maikrofoni. Bonaventure aliendelea kufungua mdomo bila kutoa neno. Benchi la nyuma likaanza kelele.

"Eh, mufasiri! Umelala?"

"Bonaventure amekuwa bubu leo!"

Watu wakacheka. Mama Apolline peke yake, muuza ndagala mwenye mdomo mkali kuliko wote pale, hakucheka. Alikuwa amejifunika kitenge chake hadi puani.

Watu walipotoka, Mwavita alimwomba Djamali arudishe kile kipande. Djamali aliguna, akarudisha. Alikuwa mtu wa nyaya na betri, wa mambo yenye maelezo.

"Ile ni bantu ya kulipwa," alisema. "Na ile mitaa yote ni mbao, bamepaka rangi. Nyuma ya ile mulango ya kijani hakuna nyumba. Hakuna kitu."

"Sasa anaingiaka wapi?" Mwavita alimuuliza.

Kipande kilikuwa kimeanza. Bonaventure akainua mikono, mkwewe akafoka, na nyuma yao mwanamke wa blauzi ya manjano alikuwa amesimama tayari. Lakini hakuwa karibu na mlango tena. Sasa alikuwa kwenye chemchemi, hatua ishirini karibu zaidi, na upande wa chini wa sketi yake ulikuwa mzito na mweusi kwa maji.

Djamali akazima mashine. Akachomoa waya. Baadaye akachomoa na ule wa betri.

Nyumbani Mwavita alimkuta Ninahazwe amevaa gauni lake la chungwa lenye ndege weupe. Hilo ndilo gauni la mwisho ambalo Fadhila alishona, na ndilo mtoto alilokuwa amevaa siku ya mafuriko. Alilishona kubwa makusudi, na chini akakunja upindo wa kiganja kizima, kama mafundi wetu wafanyavyo kwa mtoto anayekua, ili kila mwaka ufumuliwe kidogo. Kila Idi ya Ramadhani, Mwavita alifumua mara moja na kushona upya. Kila alipofumua, mkunjo wa zamani uliacha mstari kwenye kitambaa, na sasa mistari ilikuwa minne. Upindo ulikuwa umekwisha. Gauni lilikuwa limeanza kupanda juu ya magoti.

"Vua hiyo," Mwavita alisema. "Iko mufupi."

"Mama anajua," mtoto akajibu.

Mwavita akaketi kitandani. "Mama gani?"

"Mama wa Santa Oliva. Ananisemeshaka ku bafle, ile spika ya inje. Kama bantu banatoka na weye iko unakunja mukeka." Ninahazwe alisema hayo akicheza na kifungo cha gauni. "Anasema nimuletee hii robe. Atarefusha."

"Anasema na sauti gani?"

Mtoto alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni la kijinga.

"Na yako, Mama Mukubwa."

Mwavita hakulala vizuri usiku ule, na sitawachosha na usiku wake. Aliogopa. Aliogopa kama anavyoogopa mtu anayejua kosa ni lake. Kwa miaka miwili alikuwa amekifundisha kitu fulani jina, sauti na saa ya kuitwa. Kulipokucha alikuwa ameamua jambo dogo ambalo aliliona la busara. Angekwenda kazini, angefasiri, lakini lile jina asingelitaja tena. Kisichoitwa kitachoka, kitaondoka. Mtoto angekaa naye miguuni pake, asitoke.

Jumatano jua lilikuwa kali Uvira, lakini huko juu, upande wa Rurambo, milima ilikuwa imevaa wingu jeusi tangu saa sita. Wa Mulongwe tunajua maana yake. Mvua inanyesha kwa wafugaji huko juu, sisi tunaanika nguo huku chini, na saa mbili baadaye maji yanatukuta na jua usoni. Mama Apolline aliingia ukumbini akisema mto umebadilisha rangi. Watu wakaketi hata hivyo. Ilikuwa siku ya harusi ya binti wa Bonaventure, na harusi hiyo ilikuwa imesubiriwa miezi minane.

Djamali akawasha.

Santa Oliva ilikuwa tupu.

Hapakuwa na harusi. Hapakuwa na Bonaventure, wala mama wa miwani, wala hata njiwa. Duka la mikate lilikuwa limefungwa. Kamba ya nguo haikuwa na nguo. Chemchemi katikati ya uwanja ilikuwa imejaa hadi kwenye ukingo, na maji yalikuwa yakimwagika juu ya mawe, ya kahawia, yenye majani na vijiti ndani yake.

"Harusi iko wapi?" mtu alinong'ona.

"Nyamaza."

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Ndani yake palikuwa peusi. Mwanamke wa blauzi ya manjano alikuwa amesimama mbele kabisa, karibu na kioo, mgongo ukiwa kwetu. Nywele zake zilikuwa zimelala shingoni, zimelowa. Hakusogea. Alikuwa akisubiri kuitwa.

Mwavita alibana midomo. Alizima maikrofoni, akaiweka mapajani. Alihesabu pumzi zake. Moja. Mbili.

Ndipo spika ya nje ikasema.

"Ninahazwe."

Ilikuwa sauti ya Mwavita. Ileile ya kuchekesha watu, ileile ya kumbembeleza mtoto ale. Watu wote wakageuka kumwangalia, wakaona midomo yake imefungwa na maikrofoni imelala mapajani, taa yake nyekundu imezimika.

"Ninahazwe, kuya. Leta robe."

Mwavita akatazama miguuni pake. Mkeka ulikuwa mtupu.

Alikimbia hadi mlangoni. Kutoka pale hadi ukingo wa mto ni hatua sitini hivi, na katikati ni tope na mawe ya mafuriko ya zamani. Mto ulikuwa umeshafika. Ulikuwa ukishuka kwa kishindo, mwekundu, umebeba migomba na bati la mtu. Ninahazwe alikuwa akiuelekea taratibu, amebaki na shimizi. Gauni la chungwa alikuwa amelinyoosha mbele kwa mikono miwili, kama mtoto aliyetumwa kupeleka kitu kwa jirani.

"Kuya, mwana. Usiogope," sauti ya Mwavita ilisema juu ya kichwa cha Mwavita.

Alifungua mdomo amwite mtoto, na mdomo ukabaki wazi. Amwiteje? Sauti ni moja. Mtoto angesikia Mama Mukubwa akiita mara mbili tu, angeongeza mwendo. Mama Apolline alikuwa ameshampita Mwavita mlangoni, anakimbia kitenge kikianguka, mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, anateleza, anaamka. Asingewahi. Mwavita aliliona hilo waziwazi, kwa hesabu ya hatua tu. Mtoto alikuwa na hatua kumi, Mama Apolline hamsini.

Akarudi ndani. Djamali baadaye alisema alidhani amepata wazimu, amemwacha mtoto. Alinyakua maikrofoni, akaiwasha, akasimama wima mbele ya watu, jinsi alivyotakiwa kusimama miaka minne iliyopita.

"Fadhila binti Rajabu," alisema. "Fadhila binti Rajabu amekufa."

Spika ya nje ikakwaruza.

"Amekufa. Maji ya Mulongwe ilimubeba. Alinipatia mutoto juu ya ukuta, alikuwa anapanda, mikono yake ilikuwa ku ukuta tayari." Lile kaa alilolificha miaka yote likatoka. "Minye, dada yake, ndiye nilimuambia arudi. Nilisema, mashine, usiache mashine, tutakula nini? Alirudi juu yangu minye, kwa sababu yangu. Amekufa juu yangu minye. Musikie bote. Fadhila amekufa, na matanga yake inaisha leo."

Kisha Mama Anne-Marie, yule aliyenuna wiki mbili, akainuka benchi la tatu na kupiga ukunga, mikono kichwani. Wengine wakafuata, Waislamu na Wakatoliki, hata wanawake wa Lubarika waliokuja sokoni tu. "Mungu amupokee! Mungu amupokee Fadhila!" Kilio kilitoka kwenye ile spika kikaenda hadi mtoni, kikubwa kuliko mto.

Spika ilitoa mlio mmoja mwembamba. Ikanyamaza.

Mwavita alipotoka tena, Ninahazwe alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, anatetemeka, anaangalia huku na huku kama aliyeamshwa. Mama Apolline alimfikia, akamshika nywele, mkono, chochote, wakaanguka wote wawili kwenye tope upande wa huku. Sekunde chache baadaye gogo la mti likapita pale alipokuwa amesimama.

Mikono ya mtoto ilikuwa mitupu.

"Robe iko wapi?" Mwavita alimuuliza, amemkumbatia hadi mtoto anashindwa kupumua.

"Amechukua."

"Maji ndiyo ilibeba, mwana."

"Hapana." Ninahazwe alitikisa kichwa. "Alipokea na mikono."

Wiki hiyohiyo baba wa mtoto, Jean-Berchmans, mkulima wa Lubarika, alishuka kumchukua. Mwavita mwenyewe ndiye aliyemwita. Kule bondeni ni mbali na ziwa, na mfereji wa mpunga hauwezi kumzamisha hata kuku. Alimfungia mtoto nguo zake zote, akampa na picha ya pekee ya Fadhila, akasimama barabarani hadi pikipiki ilipopotea. Alilia sana, lakini alilala usingizi mzito, wa kwanza tangu mafuriko.

Maikrofoni hakuishika tena. Spika ya nje Djamali aliishusha akaitupa, na siku hizi anaonyesha Santa Oliva yenye sauti ya Kifaransa, watu wanaelewa nusu na nusu wanabishana. Harusi ya binti wa Bonaventure ilionyeshwa wiki iliyofuata, na wote walikuwepo. Mwanamke wa blauzi ya manjano hajapita tena. Djamali alirudi hadi kwenye vipande vya zamani, vile ambavyo wote tulivikumbuka. Ngazi, uwanja, kamba, mlango. Hakuna anayepita.

Lakini kamba si tupu.

Mama Apolline ndiye aliyeona kwanza, akamwita Mwavita bila kueleza. Katika kichochoro, katikati ya mashuka ya watu wa ng'ambo, limetundikwa gauni dogo la chungwa lenye ndege weupe. Lipo katika kila kipande, kipya na cha zamani. Jua la Santa Oliva huwaka kila siku, mashuka hukauka na kubadilishwa, na lenyewe linadondosha maji.

Tangu hapo Mwavita huenda mara moja kila mwezi, ukumbi ukiwa mtupu. Djamali anasimamisha picha kisha anatoka nje, hapendi kukaa. Mwavita anasogea hadi pua inakaribia kioo, anahesabu mistari kwenye pindo la gauni. Mara ya kwanza ilikuwa minne, ile aliyoifumua yeye. Baada ya Idi akakuta mitano. Kitambaa kilikuwa kimeongezwa chini, cha manjano, kimeshonwa kwa mshono mdogo unaolala kushoto. Huo mshono aliujua, ulikuwa wa Fadhila.

Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba mama anayeshona hana ubaya. Halafu alijiuliza kama ni mama.

Mwezi uliopita alikuta mistari sita.

Siku tatu baadaye simu ililia. Alikuwa Jean-Berchmans, mchangamfu, sauti ya upepo wa bonde nyuma yake. Mtoto mzima, shuleni sawa, anakula vizuri.

"Ila anarefuka, dada! Kwa mwezi moja tu, robe zote zimekuwa fupi. Nikamuambia twende kwa fundi, amupime."

"Mukaenda?" Mwavita aliuliza.

"Amekataa. Anasema amekwisha kupimwa." Jean-Berchmans alicheka. "Ni weye ulikuya hapa wakati niko shambani? Maana ku mabega yake kuko alama za chaki ya fundi, na nikimuogesha hazitoke."